Maumivu Yasiyoonekana

KHUTBA YA KWANZA

Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Muumba wa miili na roho, Mwenye kuyajua yaliyo dhahiri na yaliyofichika vifuani. Tunamhimidi, tunamtaka msaada na tunamwomba maghufira. Tunashuhudia ya kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke Yake, asiye na mshirika. Na tunashuhudia ya kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Ewe Mola, mteremshie rehema na amani, yeye na aali zake na masahaba wake, na kila aliyewafuata kwa wema hata siku ya malipo.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, ninakuusieni, na ninaiusia nafsi yangu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na katika kumcha Mungu ni mtu kuuchunga ulimi wake na dhana yake juu ya mgonjwa. Hilo ndilo nililokusudia kulisema leo, kuwaambia ninyi mlioketi mbele yangu, na kukuambia wewe unayetusikiliza nyumbani kwako kwa redio. Huenda umo miongoni mwa wasikilizaji mtu aliyebaki nyumbani si kwa uvivu wala kwa biashara, bali kwa kuwa miguu haikukubali kumleta. Basi khutba hii ni yako kabla ya kuwa ya mwingine.

Ndugu zangu Waislamu, katika msikiti mmoja niliokuwa nikisalisha palikuwa na mzee aliyezoeleka katika safu ya mbele, upande wa kulia wa imamu. Adhana ya alfajiri ilikuwa ikimkuta amekwisha keti. Siku moja tukamwona amerudi nyuma, amesimama kando ya nguzo. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu vivyo hivyo. Baadaye akawa haji alfajiri. Kisha akawa haonekani isipokuwa siku ya Ijumaa. Kisha hata Ijumaa akawa haji. Watu wakaanza kusema. Mmoja akasema mzee amekasirishwa na hesabu za msikiti. Wa pili akasema amepata mali, na mali imemsahaulisha. Nami ninayezungumza nanyi, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilinyamaza, na moyoni mwangu nikadhani kuwa ameudhika kwa maneno niliyoyasema katika darsa. Wala hapana hata mmoja wetu aliyeondoka akaenda kupiga hodi mlangoni pake.

Nilipokwenda, miezi ilikuwa imekwisha kupita. Nilimkuta ameketi kitandani, miguu imefunikwa kanga. Tukasalimiana, tukaulizana hali, kisha nikamwuliza kilichomzuia. Alikaa kimya kitambo, halafu akasema: “Sheikh, ile nguzo ndiyo iliyokuwa ikinisimamisha. Nilipoinuka kutoka sijda nilikuwa siijui miguu yangu iko wapi. Nilichelea nisianguke mbele ya watu, wakasema mzee amelewa.”

Nikamwambia: “Mbona hukutuarifu, mzee wangu?”

Akajibu: “Ningearifu nini? Mguu hauna uvimbe, hauna alama. Usiku unawaka kama nimeukanyagisha makaa, na mchana ukiuchoma sindano sina habari. Nilimweleza mwanangu, akanitazama kama anayemtazama mtoto anayedeka. Tangu siku ile sikumweleza mtu.”

Kisha akaiondoa ile kanga. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda, na kidonda kile kilikuwa na majuma matatu. Alikuwa akikifunga kwa kitambaa usiku, watu wa nyumbani wakilala, kwa sababu alimjua jirani aliyekwenda hospitali kwa ajili ya kidole akarudi hana mguu. Tukampeleka kwa matabibu siku ile ile. Alipoteza vidole viwili, na mguu, kwa fadhila za Mwenyezi Mungu, ukasalimika. Tabibu akatuambia kuwa lau angalifika juma la kwanza, huenda asingalipoteza hata kimoja.

Enyi Waislamu, vidole vile viwili havikuliwa na sukari peke yake. Viliishia kwa sukari na ukimya pamoja, na katika ukimya ule sisi sote tulikuwa na fungu letu.

Maradhi ya kisukari si mageni katika elimu yetu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyataja katika kitabu chake cha tiba kiitwacho Qanun. Lakini katika zama zetu yameenea kuliko yalivyokuwa wakati wowote. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu wazima milioni 537 duniani walikuwa nayo, yaani kiasi cha mmoja katika kila kumi. Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi, huidhuru mishipa ya fahamu, ile ambayo Mwenyezi Mungu ameitandaza mwilini mfano wa nyaya za simu, ili ncha ya kidole ipeleke habari kwenye ubongo. Aghalabu madhara huanzia katika mishipa iliyo mirefu kuliko yote, nayo ni ile inayofika vidoleni mwa miguu. Kisha hupanda kidogo kidogo, mtu akahisi kama amevaa soksi hali hana soksi. Na baadaye huweza kuifikia mikono. Wenye elimu ya tiba wanasema kuwa takriban nusu ya wenye kisukari huishia kupata madhara haya kwa kadiri fulani.

Na ajabu ya maradhi haya ni kuwa yanakusanya mambo mawili yanayopingana. Mguu ule ule uliokufa ganzi ndio unaoungua usiku. Mgonjwa atakwambia: ninahisi siafu wananitembelea, ninahisi sindano, ninahisi cheche za umeme, shuka ikinigusa ninaumia. Na mgonjwa huyo huyo hukanyaga msumari akaendelea kwenda, kandambili humvuka njiani asijue mpaka afike nyumbani. Anayemsikia husema: huyu anajipinga mwenyewe. La, hajipingi. Mshipa uliodhurika hauleti habari ya kweli, na wakati huo huo huzua habari ya uongo. Mgonjwa anasema kweli katika yote mawili.

Tukitaka kujua thamani ya maumivu, tuzingatie kisa cha tabibu Paul Brand, mpasuaji wa Kiingereza aliyeanza kazi mwaka 1946 katika mji wa Vellore, Bara Hindi, na akawatibu wenye ukoma. Watu walidhani ukoma wenyewe ndio unaokata vidole. Yeye akagundua kuwa vingi vilipotea kwa sababu mgonjwa hahisi: anashika sufuria ya moto, anakanyaga kigae, na usiku panya humla kidole hali amelala. Baadaye, alipohamia Marekani, aliyatumia yale aliyojifunza katika kuwahifadhi wenye kisukari miguu yao. Na tusidhani kuwa haya ni ya mbali. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni usiku, wasiamke. Basi maumivu tunayoyalalamikia ni mlinzi tuliyewekewa na Mola wetu; mlinzi akiondoka, nyumba hubaki wazi.

Ndugu zangu, haya ni ya mguu. Lakini lililonisimamisha hapa leo ni la moyo, kwani mguu ukidhurika na moyo hudhurika, na moyo hauna bandeji inayoonekana.

La kwanza ni kukosa usingizi. Maumivu haya aghalabu huzidi usiku, nyumba inapotulia. Mtu hukesha akiisikia saa ikigonga, akiwasikia walio wazima wakikoroma, na asubuhi akitazamiwa acheke na wageni. Usiku mmoja ni mtihani. Usiku mia tatu humbadilisha mtu tabia. Aliyekuwa mpole huwa mkali, aliyekuwa mchangamfu huwa bubu, na watu wake husema amebadilika bila ya kujua ni nini kilichombadilisha.

La pili ni hofu. Aliyepoteza hisia ya mguu hupoteza amani ya kutembea. Anauogopa mteremko, anaogopa giza, anaogopa ngazi za msikiti, anaogopa sakafu iliyomwagika maji ya udhu. Watafiti waliowachunguza wagonjwa hawa wameona kuwa huku kuyumba na kutoiamini miguu kunafungamana sana na huzuni yao. Na nyuma ya hofu hiyo ipo hofu kubwa zaidi, nayo ni kukatwa. Hofu hii ina maudhi makubwa, kwani humfanya mtu akimbie pale penye wokovu wake. Huogopa kukatwa, akakificha kidonda. Na kidonda kilichofichwa ndicho kinacholeta kukatwa.

La tatu ni aibu. Nimemjua mama aliyekuwa akishona kofia kwa mkono, na wateja wakizisubiri kofia zake miezi kabla ya Idi. Vidole vilipokufa ganzi, sindano ikawa inamdondoka asijue imeangukia wapi. Hakulia kwa ajili ya fedha. Alilia kwa kuwa mikono ile ndiyo iliyokuwa jina lake. Na wako wanaume ambao maradhi haya yamewatia udhaifu katika haki za ndoa, kwani mishipa ya fahamu ni mmoja mwili mzima. Mume hunyamaza kwa haya. Mke hudhani kuwa amechukiwa, au kuwa pana mwingine. Na nyumba iliyojengwa kwa miaka 30 huingia baridi kwa jambo ambalo ni maradhi yenye matabibu na dawa. Wengine hukimbilia vumbi za njiani zinazouzwa kwa siri, wakaongeza dhara juu ya dhara. Hapana haya katika kuuliza jambo la dini wala la tiba. Mwambie mkeo, kisha mwendeeni tabibu nyote wawili.

La nne, nalo ndilo zito kuliko yote, ni kutosadikiwa. Aliyevunjika mkono huonewa huruma na kila apitaye. Huyu hana cha kuonyesha. Huambiwa: mbona unatembea? Huambiwa: jana ulikuwa mzima. Wengine humwambia ametupiwa kitu, wakamtoa katika njia ya hospitali na kumwingiza katika njia ya wapiga ramli, na dini yetu imetukataza kuwaendea. Na wengine, nao wamevaa kanzu za dini, humwambia: lau ungekuwa na imani usingehuzunika.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, neno hili la mwisho ni hatari, na mimi ninalikanusha mbele yenu. Nabii Yaaqub alikuwa Nabii wa Mungu, mwana wa Nabii, mjukuu wa Nabii; naye, kama Qur'ani ilivyotusimulia, alihuzunika juu ya Yusuf hata macho yake yakageuka meupe. Nani atakayesema kuwa Yaaqub hakuwa na imani? Nabii Ayyub alipatwa na dhara mwilini mwake akamlalamikia Mola wake, na pamoja na hayo Mola wake akamsifu kwa subira. Basi kulalamika kwa Mungu hakuvunji subira. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitokwa na machozi alipofariki mwanawe Ibrahim. Na katika dua alizokuwa akizikithirisha ni kumwomba Mwenyezi Mungu amkinge na hamu na huzuni. Mtu haombi kukingwa ila na jambo lililo zito kweli. Ikiwa Mtume ameihesabu huzuni kuwa ni balaa ya kuombewa kinga, sisi ni nani tuihesabu kuwa ni aibu?

Na watabibu wanatuambia kuwa mwenye kisukari yumo katika hatari ya kupatwa na huzuni nzito, ile iliyo maradhi, kiasi cha mara mbili ya asiyekuwa nacho. Huzuni hiyo nayo humfanya aache dawa, aache kujitazama, aseme: ya nini tena? Hapo sukari hupanda, na maumivu huzidi, na huzuni huongezeka. Ni gurudumu, na gurudumu halisimami lenyewe. Lazima papatikane mkono wa kulizuia.

Mkono wa kwanza ni tiba. Mtume, rehema na amani zimshukie, ameamrisha tujitibu, na akatufundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa, isipokuwa uzee. Kuirudisha sukari katika kiasi chake hupunguza mwendo wa madhara. Na maumivu yenyewe yana dawa zake. Na hapa pana jambo ninalotaka lisikike vizuri. Miongoni mwa dawa zinazotolewa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu ni amitriptilini na duloksetini, nazo hutumika pia kutibu huzuni. Mgonjwa hupewa, akafika nyumbani, jirani akamwambia: hii ni dawa ya wenye wazimu. Akaitupa. Ndugu yangu, hukupewa kwa kuwa una wazimu. Dawa ile hutuliza mishipa inayopiga kelele. Na amitriptilini kwa maumivu hutolewa aghalabu kwa kiasi kidogo kuliko kinachotolewa kwa huzuni. Ikikuletea usingizi mwingi, au kinywa kikavu, au kizunguzungu unapoinuka, usiiache kimya kimya. Rudi kwa aliyekupa umweleze. Na ikiwa moyo wako nao unaugua, kuutibu si aibu, kama si aibu kuutibu mguu.

Mkono wa pili umo katika ibada yetu wenyewe. Mwenyezi Mungu ametufaradhishia udhu, na katika udhu ni kuosha miguu miwili. Anayetawadha huifikia miguu yake mara kwa mara, na lau angeitazama kwa makini huenda angeiokoa. Ewe mwenye kisukari, ufanye udhu wako uwe pia uchunguzi. Tazama nyayo na katikati ya vidole. Usipoweza kuinama, mwite mwanao au mjukuu wako akutazamie, naye atapata thawabu. Maji yakiwa ya moto, yapime kwa kiwiko, usiyapime kwa mguu. Ukimaliza, kausha katikati ya vidole kwa kitambaa, kwani unyevu hualika kuvu. Usiende peku kutoka mlangoni hadi birikani juu ya saruji iliyopigwa na jua. Uwe na viatu vya udhuni. Kung'uta kiatu kabla ya kukivaa. Usiiote miguu kwa makaa wala kwa chupa ya maji ya moto, ijapokuwa unaihisi baridi. Na ukiona jeraha, hata likiwa dogo kama punje ya mtama, na hata likiwa haliumi, nenda ulionyeshe siku hiyo hiyo. Kutouma kwake si dalili ya usalama. Kwako wewe ndiyo dalili ya khatari.

Na dini imekupa ruhusa, basi ipokee ruhusa ya Mola wako kama unavyopokea zawadi. Imran bin Huswain alikuwa na maradhi, akamwuliza Mtume juu ya sala. Akamwelekeza asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Aliye na bandeji ana hukumu ya kupaka juu yake, na anayedhuriwa na maji ana hukumu ya kutayamamu. Waulizeni wanazuoni wenu. Zama za Mtume palikuwa na mtu mwenye jeraha la kichwa, wenzake wakamwambia hana ruhusa, akaoga, akafa. Mtume alipopata habari aliwalaumu lawama kali, kwa kuwa walitoa hukumu na hawakuuliza. Basi tusiwe sisi wenye kumwambia mgonjwa kuwa kiti katika safu kinampunguzia daraja, wala tusimtazame kwa jicho baya aliyekatazwa na tabibu kufunga Ramadhani.

Nami nawakumbusha kisa cha Urwa bin Zubeir, mpwa wa Mama wa Waumini Aisha, na mmoja wa mafakihi wakubwa wa Madina. Alisafiri kwenda Sham kwa Khalifa Walid bin Abdulmalik, na huko mguu wake ukashikwa na kidonda kinachokula nyama. Matabibu wakasema lazima ukatwe, la sivyo utaangamiza mwili. Akakubali, ukakatwa, naye akishughulika na kumtaja Mola wake. Katika safari ile ile mwanawe alipigwa teke na mnyama akafa. Akarudi Madina akimshukuru Mwenyezi Mungu kwa vilivyobaki, viungo na watoto.

Nimesikia kisa hiki kikisimuliwa ili kuwanyamazisha wagonjwa: tazama Urwa, hakulalamika, nawe unalialia. Hayo si mafunzo yake. Mafunzo yake ni kuwa hakuuficha mguu wake. Alionyesha, akawasikiliza wenye elimu, akakubali tiba wakati ungali unafaa, na watu walikuja kumpa pole akawapokea. Aliyepoteza mguu na asipoteze elimu yake wala heshima yake wala nafasi yake kwa watu, huyo ndiye Urwa. Na sehemu ya jambo hilo ilikuwa mikononi mwa watu wa Madina, walioendelea kuketi mbele yake wakichukua elimu.

Ninasema neno langu hili, na ninamwomba Mwenyezi Mungu maghufira, kwangu na kwenu na kwa Waislamu wote. Nanyi mtakeni maghufira; hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu kwa ihsani Yake, na shukrani ni Zake kwa taufiki Yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba wake.

Enyi Waislamu, Mtume wetu ametufananisha waumini, katika kupendana na kuhurumiana, na mwili mmoja, ambao kiungo kimoja kikiugua, mwili wote hushirikiana nacho katika kukesha na homa. Zingatieni mfano huu baada ya yale mliyoyasikia. Mwili ambao kiungo chake kinaungua na mwili hauna habari, ni mwili ambao mishipa yake ya fahamu imekufa. Mzee yule aliposimama kando ya nguzo, alikuwa ni kidole chetu kinachoungua, nasi tulikuwa mguu usiohisi. Ganzi yake ilikuwa maradhi. Ama ganzi yetu ilikuwa dhambi.

Basi na turudi katika uzima. Akikosekana mtu katika safu, asiulizwe kwa mwenzake nyuma ya mgongo, aendewe. Na anayekwenda asiende kutoa waadhi, aende kusikiliza. Mwambie mgonjwa neno hili jepesi: ninakusadiki. Kisha mwombe akuonyeshe miguu yake, na ukiona jambo, mpeleke mwenyewe. Enyi vijana, mnaposukumana kutoka msikitini, kumbukeni kuwa yumo aliye na hofu ya kuanguka. Mpeni mkono bila ya kumfedhehesha. Enyi wasimamizi wa misikiti, wekeni viti, wekeni mkono wa kushikia penye ngazi na birika, kausheni sakafu, na wekeni viatu vya udhuni. Haya hayana gharama kubwa, na huenda yakawa mazito katika mizani kuliko mapambo ya kuta. Hapa Tanzania na katika Bara Hindi, katika miaka ya 2000, madaktari walianzisha mpango wa kuwafundisha wahudumu wa afya na wagonjwa kuitunza miguu hatua kwa hatua, na kwa mafunzo hayo miguu imeokolewa. Jambo lililowezekana hospitalini linawezekana pia msikitini na nyumbani.

Nawe uliye karibu na redio, unayesikia na miguu yako inawaka: sikukujua jina, lakini Mola wako anakujua. Hukuzua. Hukupungukiwa na imani. Usiku wako usiolala haukupotea mbele Yake, na kila uchungu unaompata Muislamu, hata mchomo wa mwiba, hufutiwa kwao makosa. Ikiwa umefika mahali pa kuyatamani mauti, jua kuwa Mtume ametukataza kuyatamani kwa sababu ya dhara iliyotushukia, na katazo hilo ni mkono wa huruma unaokuzuia ukingoni. Usibaki peke yako na fikira hiyo. Mwambie leo mtu mmoja unayemwamini, na mwambie tabibu. Na kama una kidonda ulichokificha, ninakuomba kwa ajili ya Mwenyezi Mungu: kabla ya jua la leo halijachwa, kifunue mbele ya mtu wa nyumbani kwako, mwende pamoja.

Mzee yule, alhamdulillahi, alirejea msikitini. Aliwekewa kiti katika safu ya mbele, upande wa kulia wa imamu, palepale pake. Siku ya kwanza aliporudi watu walimpa nafasi wakamsalimu mmoja mmoja, naye akalia. Hakuna aliyemwuliza kwa nini analia. Tulikuwa tumekwisha kujifunza.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu na wagonjwa wa Waislamu. Ewe Mola, yatulize maumivu ambayo hayaonekani na yeyote ila Wewe. Wape usingizi waliokesha, wape amani walio na hofu, wasitiri walio na haya. Waongoze matabibu wetu na wauguzi wetu, na uibariki mikono yao. Ewe Mola, usizifishe ganzi nyoyo zetu tukawa hatuhisi uchungu wa ndugu zetu. Warehemu wazee wetu na wazazi wetu, walio hai na waliotangulia, na utujaalie mwisho mwema. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, simameni kwa sala, na kila mmoja amtazame aliye kando yake.